Chati ya Pamba Iliyopanda Kama Ngazi

Dorah, acha kila kitu usome hii. Nimetoka kwa mzee Ngusa sasa hivi, yule aliyekuwa karani wa kompyuta ofisi ya pamba Shinyanga.

Ile chati ya pamba ya mwaka 96. Iliyomfukuzisha mama kazi. ILE!

Mama, bibi shamba wa Kishapu, alikwenda Shinyanga siku ile na kitenge kipya, kifua mbele, maana wakulima wake walivuna mpaka magunia yakawaishia. Ngusa akaingiza faili la mavuno kwenye programu ya chati, akachapa, akabandika ukutani. Kata kumi na mbili. Nguzo ya Kishapu fupi kuliko zote.

Mama akaomba wahakiki. Meneja wa ofisi akamjibu mbele za watu, "Mashine haina ndugu, mama. Wewe ulikuwa unalala."

Wakacheka. Hata Ngusa.

Leo ananisimulia kama kichekesho! Eti programu ilisoma safu ya namba za orodha, moja hadi kumi na mbili, kilo ikaziacha. Kishapu ilikuwa namba moja, ikapewa moja. Kata ya mwisho ikapewa kumi na mbili. "Pamba ilipanda kama ngazi, binti yangu, na hakuna aliyeshangaa!"

Uligundua lini, mzee?

"Mchana ule ule. Mama yako alikuwa bado anasubiri basi."

Mbona hukusema?

"Meneja alikuwa ameshaisifu."

Dorah, mama aliilaumu mizani yake. Aliivunja kwa jembe, sisi tukamcheka, unakumbuka?

Mama ananiita jikoni. Anauliza kama nimemfikishia Ngusa salamu zake.