Sentensi Niliyoimeza

Jumatatu, 4 Machi

Hili sijamwambia mtu, hata Mama. Leo hospitalini nimemeza sentensi ya daktari.

Daktari hajui lugha yetu, Baba hajui yake, kwa hiyo mkalimani ni mimi – mimi ambaye darasani nikiulizwa jina nababaika. Akaeleza: ini la Baba linatengeneza protini mbovu, inajazana kwenye neva, ndiyo maana miguu imekufa ganzi. Sindano hii mpya inakatiza ujumbe wa jeni kabla haujafanyiwa kazi. Nikatafsiri, jasho linanitoka. Baba ni fundi cherehani. Akafikiri kidogo. "Yaani mteja kaleta vipimo vibaya, dawa inachana kikaratasi kabla sijakata kitambaa."

Nikampelekea daktari hiyo. Akacheka: hasa! Ila haifumui kilichokwisha kushonwa. Hilo nililisema.

Kisha akaongea polepole, macho kwangu. Hitilafu hiyo hurithiwa. Kila mtoto wa Baba, nusu kwa nusu.

Nikasema, "Anasema umerithi kwa Bibi."

Baba akanitazama. "Mtu kahutubia vile, wewe umetoa maneno manne?"

"Lugha yao ina maneno mengi, Baba."

Jumatano, 6 Machi

Jana alichomwa sindano ya kwanza. Leo mchangamfu mpaka anaudhi. Ndara ya kushoto imemchomoka sebuleni, yeye huyo mpaka jikoni, hana habari. Mama: "Mzee, kiatu kimekutoroka." Baba: "Kikiniulizia, kiambie nimehama."

Baadaye nikamsikia akimwambia Mama kwa sauti ya chini kwamba, mradi ugonjwa unaishia kwake, yuko tayari kuchomwa maisha yake yote.

Chai sikuimaliza. Nusu kwa nusu. Akili inataka kugawa – mmoja mgonjwa, mmoja mzima, mimi au mdogo wangu. Haiko hivyo. Kila mtu anarushiwa sarafu yake. Mdogo wangu alikuwa chini ya cherehani, anaokota vipande vya kitambaa, anaimba.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejichoma vidole vya miguu kwa pini ya Baba. Vyote vinauma. Upuuzi, najua – nimesoma, huanza ukubwani. Baada ya chakula nimerudia.

Ijumaa, 8 Machi

Simu kutoka hospitali. Muuguzi mpya, anaongea lugha yetu. Mimi nimesikia upande wa Baba tu. "Ndiyo, mama... Nije na mke wangu? ... Watoto? Watoto wamefanyaje?"

Kisha akakata simu. Cherehani haijalia tangu hapo.

Hajaniita. Afadhali angefoka, yaishe. Dawa inachana kikaratasi kibaya. Mimi nilichana cha kweli, na nikajiona dawa.

Anakuja. Hatua moja ina ndara, nyingine haina. Pa – kimya – pa – kimya. Hajui tena kama imemtoka.

Amesimama mlangoni.

"Mkalimani wangu," anasema, taratibu kabisa. "Hebu nitafsirie upya."

Nakuficha chini ya mto, daftari langu, nikamtafsirie.