Kabla Gari Halijashuka

Nairobi, Jumapili mchana

Kaka Elia,

Shikamoo. Naiweka hapa kwa maandishi kwa sababu ile ya Jumatano uliikatia simu bila kuniitikia. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umetulia tangu ubadilishe kiti cha gari. Presha ya Mama inaendeleaje? Na wifi, kile kikohozi cha mvua kimeisha? Mimi ni mzima. Watu wa hapa wanalalamikia baridi. Nawaambia hawajalala kwetu mwezi wa saba wakiwa na blanketi moja.

Barua anakuletea yule mama wa duka la Soni, aliyekuja huku kumtazama bintiye aliyejifungua. Isome ukiwa umeegesha gari, na uisome peke yako.

Nianze na simu yenyewe, maana najua wewe ulisikia jambo moja na mimi nilisema jingine. Nilikwambia, "Kaka, nataka nikuandike wewe kuwa mtu wa kupigiwa." Ukaniuliza, "Kupigiwa kwa lipi?" Nikasema, kukitokea jambo. Ukasema, "Basi jambo lisitokee. Kaa hapo hapo ulipo." Nyuma yako nikamsikia wifi: "Muulize, kwani huko hakuna waandishi wao?" Ukaongeza kwamba kabichi zinapigwa jua, ukakata.

Wifi mjibu hivi: waandishi wao wapo. Wawili niliokuwa nikizungumza nao wamehama na familia zao, na wa tatu haandiki tena. Nchi yenyewe siitaji humu wala tarehe siandiki, unaijua, inatosha. Kuna hospitali moja ambayo wauguzi wake wanaendelea kufanya kazi ingawa waliokuwa wakiwalipa wamekimbia. Wamekubali kuzungumza na redio yetu. Sikwambii kwamba nisipokwenda dunia itasimama. Ni kazi yangu, na naona inaweza kufanyika. Nataka nikueleze kwa nini naona hivyo, kisha uamue.

Nasema uamue kwa sababu ndivyo ilivyo. Ofisini hakuna anayesafiri kwenda sehemu kama ile bila mtu mmoja wa nyumbani aliyekubali, kwa hiari yake, kupokea simu. Aliyelazimishwa hafai. Nimekutaja wewe. Ukikataa, siendi.

Ulipokuwa ukinichukua kwenye Fuso wakati wa likizo, ulikuwa unasimama pale Soni kabla ya kuanza kushuka Mombo, hata kama umechelewa. Unamngoja anayepanda. Unamuuliza, "Kukoje huko chini?" Siku moja dereva mmoja akakujibu, "Poa tu, shuka." Wewe hukushuka. Ukaliangalia gari lake, tairi kavu na safi, ukaniambia, "Huyu hatoki chini. Amelala hapa Soni." Tukangoja mwingine. Aliyekuja alikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye kioo, naye hakusema poa. Alisema kona ya tatu imemeguka upande wa bonde, pitia ukutani, gia ya pili, usiguse breki mpaka uone daraja. Tukashuka hivyo.

Wiki tatu hizi nimefanya kazi hiyohiyo tu. Kwanza niliwapigia wenye vyeo. Wote walisema hali ni shwari. Tairi zao kavu. Nikatafuta anayepita, nikampata dereva anayepeleka unga kule, aliyekuwa amerudi juzi yake. Nilimkuta kwenye karakana, amelala chini ya gari, tukazungumza mimi nikiwa nimechuchumaa.

"Njia inapitika?" nikamuuliza.

"Asubuhi inapitika."

"Na mchana?"

"Mchana vijana wa kizuizi wameshalewa, dada. Mlevi mwenye bunduki haangalii kitambulisho." Akatoa kichwa. "Pale penye kizuizi kuna wanawake wanauza chai. Ukifika ukawakuta, pita. Usipowakuta, usiulize wamekwenda wapi. Geuza."

Hilo la wanawake wa chai halimo kwenye taarifa yoyote niliyosoma, na kwangu lina uzito kuliko zote. Nimewauliza wengine wawili wanaopita njia hiyo, kila mmoja peke yake, wakasema vilevile.

Mpango wa kwanza ulikuwa na miji miwili. Mji wa pili nimeufuta. Niliuliza wote ninaowafahamu, sikupata hata mmoja aliyetoka huko karibuni. Waliopo wanasimulia walichosimuliwa. Mhariri alinuna. Nikamwambia gari halishuki mahali ambapo hakuna aliyepanda. Hakuelewa, lakini alisaini.

Tutakuwa watu watatu: mimi, fundi wa sauti, na dereva mwenyeji ambaye wazazi wake wanaishi mtaa wa hospitali. Tunapita kizuizi asubuhi, tunalala ndani ya ukuta wa hospitali, tunatoka asubuhi nyingine. Damu ya kundi langu wanayo kwenye jokofu lao, nimeulizia. Bima inalipa ndege ya kunitoa. Nimesoma mpaka maandishi madogo ya mwisho, nikawarudishia mara mbili wakarekebisha. Fulana ya kuzuia risasi ni nzito kama gunia la viazi na inanibana kwapani. Nikiona jambo moja tu limebadilika kabla ya kuondoka, hata kama ni dogo, narudi mezani.

Hatari inabaki, Kaka. Nikikwambia imekwisha nitakuwa yule wa tairi kavu. Nasema ni hatari ninayoweza kuieleza kona kwa kona, na hiyo ndiyo aina pekee ninayokubali kuingia.

Sasa la Mama. Hasira yako naijua inakotoka, na sibishani nayo. Mwaka juzi nilimpa Mama alama: nikimpigia nikianza kuzungumza bila shikamoo, ajue sisemi kwa hiari yangu. Nilijiona mjanja sana. Nani wa kwetu anaweza kumsemesha mama yake bila shikamoo? Baba alikuwa anawarudisha watu mlangoni waingie upya. Nikapiga nikiwa kwenye safari kama hii, nikaamkia kama kawaida, na mtandao ukameza neno la kwanza. Mama alisikia tu, "Mama, mnaendeleaje?" Akaweka simu, akajifunga kanga, akaenda kwa mchungaji. Ilipofika saa sita mchana usharika mzima unaniombea, mchungaji ameshaipigia ofisi yangu, na ofisi imeshaamuru tuondoke siku ile ile, kwa barabara tuliyokuwa tumepanga kuikwepa. Sisi hatukupatwa na jambo. Mama ndiye aliyeanguka jioni, na wewe ndiye uliyemshusha hospitali juu ya magunia ya karoti.

Kosa lilikuwa langu. Niliweka alama kwenye neno lisilosemwa, na kwenye simu neno lisilosemwa na neno lisilosikika ni kitu kimoja. Mzee wetu wa usalama hapa ofisini, mwanajeshi mstaafu, aliponisikiliza alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema, "Tafuta neno utakalolisema, si utakaloliacha. Liwe la kawaida hata mtu aliyekaa kando yako na bunduki asishtuke." Akaniuliza mtu wangu wa nyumbani ni nani. Nikasema kaka yangu.

"Ana hasira?"

"Anazo."

"Anafanya kazi gani?"

"Anashusha mboga Mombo kwa lori."

"Kila wiki?"

"Kila siku ya gulio, na nyingine katikati."

"Na bado yu hai," akasema. "Mwandike."

Neno lenyewe ni hili. Nikikupigia, na mwisho wa maongezi nikasema nisalimie Baba, ujue nimeshikwa. Nitalirudia mara mbili kwa ajili ya mtandao. Simu ikikatika kabla sijaaga, hiyo si alama ya kitu. Ngoja nipige tena. Duniani kote watu hukata simu kwa kusema msalimie baba, na asiyetujua hawezi kujua kwamba wetu yuko chini ya ile miti ya matunda damu nyuma ya nyumba. Nakujua ulimi wako, utataka kuuliza, "Baba yupi?" Usiulize. Sema, "Atafurahi," kama ambavyo ungesema angekuwa amekaa barazani. Kisha piga ile namba niliyoiandika kwenye kikaratasi cha njano nilichokitia humu kwenye bahasha. Usiende kwa mchungaji kwanza. Usimwamshe Mama.

Najua ninachokuomba. Nakuomba ujibu salamu ya marehemu kwa sauti ya kawaida, na huenda Mama amekaa hapo hapo anachambua maharage. Sina mwingine anayeweza.

Mama mwambie nasafiri kikazi, na kwamba wewe ndiye utakayepokea simu safari hii. Akinuna, mwambie ni mimi niliyeamua. Mambo ya Baba usimwambie. Ukishaelewa yote, barua hii itie motoni jikoni, pamoja na bahasha. Kikaratasi cha njano bakiza, kiweke kwenye leseni yako.

Sikupigii kukubembeleza. Ukikubali, nitumie ujumbe: gari linashuka. Ukikataa, andika: gari limelala. Sitauliza sababu, na nikija Krismasi nitakuamkia vilevile na tutakula pamoja. Ila usikae kimya, kwa sababu kimya sitajua ni chako au ni cha mtandao.

Nisalimie Mama, umwambie zile dawa anywe baada ya chakula, si wakati anapozikumbuka. Wifi msalimie, na jibu lake la waandishi limo humu juu, msomee kipande hicho tu. Shangazi wa ng'ambo ya mto nisalimie, na mume wake pia, hata kama bado hawasemeshani na sisi kwa sababu ya mpaka wa shamba. Mjomba anayetengeneza breki zako mwambie kazi yake naiheshimu kuliko anavyodhani. Watoto wako wote wawili, mkubwa na mdogo, wape marahaba yangu kabla hawajaniamkia.

Baba simtumii salamu.

Mdogo wako,
Tabitha