Mashine Yenye Kidoti na Ndevu za Mjomba

Jumanne, 4 Februari

Ndiyo mjomba, wananunua. Tena kwa kugombania. Aliyekuletea habari hizo hakukudanganya, na huyo aliyesema nimerukwa na akili mwambie namsalimia sana.

Sasa shikamoo. Nimejibu kabla ya kusalimia kwa sababu swali lako lilikuja na ngumi. Goti linaendeleaje? Na Mama, bado anakusomea barua zangu kwa sauti huku akiruka pale anaposemwa yeye? Mimi mzima wa afya, isipokuwa kidevu. Kidevu ni mgonjwa, nitakueleza.

Umeuliza mtu na akili zake anasimamaje sokoni kuuza mashine za kunyolea za zamani, zile za chuma, unafungua kichwa, unalaza wembe ndani, unafunga. Mjomba, dunia imegeuka. Vijana wamechoka na zile za plastiki, zinawachuna shingo kama kuku halafu zinatupwa. Wanataka chuma. Wanataka kitu kizito mkononi. Halafu kuna wengine hata hawanyoi nazo, wanazipanga kabatini na kuziangalia! Wanabishana juu yake kama watu wa mpira. Huyu anataka ile unayozungusha mpini chini, kichwa kinafunguka milango miwili. Yule anataka yenye kiboksi chake na kitambaa chake ndani. Mmoja alinusa kiboksi mbele yangu akafumba macho. Nikamwacha, mteja ni mteja.

Kaka ameniandikia kwamba kanitafutia kazi ya stoo, niache kuuza vyuma vya marehemu. Nimemjibu ahsante, kazi hiyo ampe mke wake. Hapa mezani kwangu sina bosi. Jirani yangu, muuza makava ya simu, ananicheka toka asubuhi mpaka tunafunga. Namwambia, kaka, wewe kava lako mwakani litakuwa takataka. Mimi vitu vyangu vilishakuwa takataka zamani, sasa vinapanda cheo.

Kidevu sasa. Mashine haiuziki kwa kusema tu, watu lazima waione inafanya kazi. Kwa hiyo kila asubuhi nakaa kitini, natia povu, najinyoa mbele za watu. Mjomba, ndevu zimeisha! Nanyoa povu peke yake. Jana mteja mmoja kasema, "Huyu anajipaka sabuni anajifuta, hata kijiko kingeweza."

Ndipo nikakukumbuka wewe na huo msitu wako. Njoo ukae kitini kwangu asubuhi moja tu. Nauli juu yangu.

Na nina habari nyingine: nimepata mashine za kiwanda chenu cha zamani! Mjane mmoja alikuwa nazo kwenye kabati la marehemu, pakiti nzima. Zimepauka, ila nitazitia majivu na ndimu na brashi ya waya mpaka zing'ae kama meno ya mwizi.

Mpwa wako


Jumapili, 16 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti ni hilo hilo, likitaka linakwenda, likikataa tunakaa wote. Mama yako mzima. Amecheka hapo kwenye kijiko mpaka akaomba maji.

Kuhusu ndevu, jibu ni hapana. Unajua kwa nini, lakini kwa vile umejifanya umesahau nakukumbusha. Mimi nilikuwa mkaguzi kiwandani. Kila mashine ilipita mkononi mwangu. Naifungua, naifunga, nasikiliza inavyobana, naangalia kama kichwa kimekaa sawa. Ikiwa nzuri naigonga kidoti chini ya kichwa, kidogo kama mbegu ya ufuta. Ikiwa mbovu naitupa kwenye ndoo. Kidoti maana yake ni mimi nimesema baba wa mtu hatakatwa.

Meneja akaleta mzigo mbovu akataka niugonge. Nikakataa. Akanisimamisha getini, wenzangu wote wakitoka zamu, akatangaza kwamba nimeondolewa kwa sababu macho yangu hayaoni tena, sijui zuri wala baya. Mimi! Nikamwambia pale pale, sitanyoa mpaka wewe mwenyewe unifuate useme ulikosea. Akacheka. Kiwanda kikafa, yeye sijui kama yu hai, na mimi sijanyoa. Wanaoniita mzee kichaka waendelee. Mama yako ameniwekea mkasi mezani mara ngapi sijui. Naupita kama siuoni, si nilishaambiwa sioni?

Kwa hiyo usinitanie. Sitakaa kwenye kiti chako kuwa kituko cha soko.

Halafu sikiliza vizuri: hizo za kiwanda chetu USIZISUGUE. Maji ya vuguvugu, sabuni, mswaki laini, basi. Wacha majivu, wacha ndimu, na hiyo brashi ya waya kasugulie masufuria.

Mjomba wako


Alhamisi, 27 Februari

Mjomba, shikamoo, na uisome hii ukiwa umekaa. Mama, mpe kiti kwanza.

Lori lililobeba barua yako liliharibika njiani. Utingo kanikabidhi jana. Mimi nilishasugua.

Nilisugua kwa mapenzi, mjomba. Nilisugua mpaka bega likauma. Ziling'aa, ungejiona mpaka puani. Nikazipanga kwenye kitambaa chekundu. Akaja mkusanyaji mmoja, kijana mpole wa miwani, akachukua moja, akaigeuza, akaangalia chini ya kichwa. Akachukua ya pili. Ya tatu. Uso ukambadilika kama mtu kaonjeshwa dawa. "Nani kafanya hivi?" Nikajipiga kifua: mimi! Akasema, "Bro, umezichuna ngozi. Ganda la juu limeondoka. Na kidoti kiko wapi?"

Nikamuuliza kidoti gani, maana barua yako ilikuwa bado iko porini. Akanieleza kwamba watu wa mambo haya wanazitafuta zenye kidoti tu, ndizo zinazonyoa bila kukwaruza. Zisizo nacho ni za mwisho mwisho, kiwanda kilipokuwa kinajifia. Hajui kidoti ni cha nani. Anajua tu kwamba kikiwepo, mashine ni ya kweli. Halafu akaondoka bila kununua hata wembe, na muuza makava akaniimbia.

Imebaki moja. Hii sikuisugua kwa sababu ndiyo niliyokuwa najinyolea, ilikuwa kwenye kikombe cha povu. Nimeiosha kwa mswaki kama ulivyosema. Nimeipeleka juani nikaigeuza. Kipo, mjomba. Kidogo kama mbegu ya ufuta.

Nitukane unavyopenda, leo nakuruhusu.

Mpwa wako


Jumatano, 5 Machi

Wewe,

Sisi wazima.

Meneja alinifuta kwa mdomo. Wewe umenifuta kwa brashi ya waya. Sina la kuongeza.

Hiyo iliyobaki usiiuze. Siombi, nasema. Usimuuzie wa miwani wala asiye na miwani. Na barua nyingine za kunibembeleza kuhusu ndevu usiandike, mama yako nimemkataza kusoma.

Mjomba


Jumatano, 23 Aprili

Mjomba wangu mwenye hasira zako halali,

Shikamoo. Najua Mama anasoma hii, kwa sababu hajawahi kukatazwa kitu na wewe akakubali toka mkiwa wadogo. Mama, shikamoo na wewe. Soma polepole, na ukifika kwenye Meneja usiruke hata neno.

Ndiyo. Meneja. Yu hai.

Barua zangu mbili hukujibu, nikasema basi, nimempoteza. Ile mashine niliitoa mezani, nikaitia mfuko wa shati. Wakusanyaji wakija wakiulizia yenye kidoti nawaambia ipo, haiuzwi, wapite. Wa miwani karudi mara kadhaa, ameongeza ofa mpaka muuza makava akanishika mkono akasema, "Uza, mwehu wewe!" Sikuuza. Kaka kasikia, kasema sasa hata biashara yenyewe nimeshindwa. Acha aseme. Mjomba kasema usiuze, haiuzwi.

Juzi asubuhi kaja mzee na fimbo, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe. Kaangalia meza nzima. Kanyanyua moja ya zile nilizozichuna, kaifungua, kaifunga, kaiweka sikioni. Hapo nikashtuka, mjomba. Huyu si mteja wa kawaida.

"Unayo yenye kidoti?" kaniuliza.

"Unaitakia nini, mzee?"

"Nazikusanya za kiwanda kile. Ninazo nyingi, zote hazina kidoti. Ni makopo tu."

"Umejuaje ni makopo?"

"Nilikuwa meneja pale."

Mjomba, nilikaa chini. Kile kiti cha kunyolea nilikikalia mwenyewe. Nikajitia sijui kitu, nikamuuliza hicho kidoti kilikuwa kinagongwa na mashine gani. Kasema si mashine, ni mtu. Mkaguzi mmoja mbishi.

"Yuko wapi?"

"Nilimfukuza."

"Kwa kosa gani?"

Akaangalia fimbo yake. "Nilisema macho yake hayaoni."

"Kwani yalikuwa hayaoni?"

"Yalikuwa yanaona kuliko nilivyotaka."

Muuza makava alizima muziki wake. Yeye! Sijawahi kumwona akiuzima toka nimjue.

Basi nikaitoa mfukoni, nikaigeuza juani, nikamwonyesha kidoti. Mkono wake ukanyooka wenyewe kama mtoto kaona andazi. Nikairudisha mfukoni. Akataja bei. Nikatikisa kichwa. Akataja nyingine, muuza makava akapiga kelele kama kakanyagwa.

"Mzee," nikamwambia, "hii haina bei, ina mwenyewe. Na mwenyewe ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu tumbo moja. Ana ndevu mpaka hapa kwenye kifungo cha tatu, na hizo ndevu ni zako wewe. Uliziotesha getini."

Kauangalia mfuko wangu wa shati. Mdomo ukamcheza. Akauliza, "Bado hajanyoa?"

"Hajanyoa. Anakungoja. Na akifa kabla hujaja tutamzika nazo, na mimi nitamwambia kila mteja ni kwa nini."

Hakunikaripia. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, mjomba, mashati yangu yote ya ugomvi nilikuwa nimeyavaa kichwani. Aliinua mikono yake akanionyesha. Inatetemeka, yote miwili. Akasema, "Ningemnyoa mimi mwenyewe kwa hiyo mashine. Lakini ona. Atakubali mikono hii imguse shingoni?"

Nikamwambia hilo nitamuuliza mwenye shingo. Kasema atapita hapa kila Jumamosi mpaka jibu lije.

Basi mjomba, nina dili. Lisikilize lote ndipo unune.

Wewe unakuja Jumamosi utakayotaka. Hukai kama kituko, unakaa kama mkaguzi. Kwanza unaishika mashine yako, unaifungua, unaifunga, unasikiliza, na ukisema mbovu, shughuli imekufa, tunakwenda kula. Ukisema nzuri, Meneja anasimama mbele ya safu nzima ya meza, mbele ya muuza makava na wa miwani na kila mpita njia, na anasema kwa sauti alichoniambia mimi. Si kwa kunong'ona. Kwa sauti ile ile ya getini. Asipomaliza, hupakwi hata povu.

Akimaliza, ananyoa. Mkono ukitetemeka nitaushika mimi kwa chini, maji nachemsha mimi, wembe mpya nafungua mimi. Anaanza shavu moja. Ukiona maneno yake hayakutosha, unanyanyuka hapo hapo na nusu ya ndevu, na mimi natembea na wewe soko zima nikitangaza ni kazi ya nani. Ukiona yametosha, unamgeuzia shavu la pili.

Mashine ikishafutwa inarudi mkononi mwako. Umpe, umnyime, urudi nayo nyumbani, mimi sina neno. Sitaki hata pesa ya sabuni inirudie. Mimi nataka umati tu, mjomba, na kidevu chenye kitu juu yake kwa mara moja katika maisha ya meza hii.

Nauli nimempa utingo, na nimemwambia akuwekee kiti cha mbele kwa ajili ya goti. Wewe lete shingo na ubishi wako wote. Unasemaje?

Mpwa wako