Taa Moja kwenye Harusi ya Yaya

Alhamisi, 9 Juni 1983

Nimefua, nimechota maji, nimerudia somo la fizikia. U ni volti, I ni ampea. Ukigawa U kwa I unapata R, ukinzani. Ukizidisha unapata P, nguvu kwa wati. Naipenda hesabu hii. Haina upendeleo.

Baba Mukubwa amefika na lori kutoka Mahagi. Amebeba grupu ya kuazima, mashine ya kutoa umeme, kwa harusi ya Yaya Furaha, dada yangu mkubwa, keshokutwa. Anataka ampuli kumi za taa uani, na santuri. Baba akaniita mbele ya wote: "Mutoto huyu anasoma umeme. Atatuambia kama mashine itaweza."

Baba Mukubwa akacheka. "Mutoto mwanamuke na umeme? Mwaka kesho aingie kushona."

Baada ya harusi wazee watakaa kuamua sehemu nitakayosoma mwakani. Nataka fizikia. Sijawahi kutaka kitu hivi.

Ijumaa, 10 Juni

Grupu imeandikwa volti 220, ampea 5. 220 × 5 = wati 1100. Rahisi.

Ampuli hazisomeki, maandishi ya kioo yamefutika. Nikapeleka moja shuleni, nikaipima wakati wa mapumziko kwa mawe manne ya radio, yale ya betri. Volti 6. Amperemeta ikaonyesha 0,1. Basi 6 ÷ 0,1 = omu 60. Kwa volti 220: 220 × 220 ÷ 60 = wati 807.

Ampuli moja, wati 807! Nilirudia hesabu. Jibu lilelile. Ampuli yenyewe haikuwaka, ilikuwa baridi mkononi. Citoyen Uvoya, mwalimu wetu, alikuwa palepale akisahihisha kazi zetu. Sikumwuliza. Nilitaka kufika nyumbani na jibu langu mwenyewe.

Nimemwambia Baba: taa moja tu, na santuri hapana, la sivyo mashine itaungua. Amekubali neno langu. Baba Mukubwa amenuna. Nina furaha.

Jumapili, 12 Juni

Jana sikuandika. Aibu.

Misa ilikuwa nzuri. Kisha jua likazama, wakwe wa Yaya kutoka Gety wamejaa uani kwetu Mudzipela, na taa moja inaning'inia juu ya meza ya maharusi. Wageni walikula samaki bila kuona miiba. Mama mmoja wa upande wa bwana akapaza sauti: "Siye tumeleta ngombe, ninyi munatuweka mu giza?" Mwingine: "Labda bibi-harusi hana meno, wanamuficha!" Kicheko uani kote. Baba akaeleza kwa upole kwamba binti yake amepiga hesabu.

Kwetu bibi-harusi hasemi siku yake. Anainamisha macho. Yaya aliinamisha, akavumilia. Halafu akasimama na shela yake. "Waweke zote! Kama mashine inakufa, ikufe!"

Baba Mukubwa akaunganisha ampuli zote kumi, na santuri. Mashine haikukohoa hata mara moja. Ua ukawa kama mchana, na katika mwanga ule kila mtu akanitazama.

"Haya, Mademoiselle Wati!" Baba Mukubwa akaniita. "Hesabu tena!"

Baba alitazama chini. Wakwe walinong'ona juu ya bibi-harusi mwenye mdomo. Yote kwa sababu yangu.

Jumatatu, 13 Juni

Sikwenda shule. Nimesema tumbo linauma. Uongo. Mama amenipikia uji na nimeunywa.

Jumatano, 15 Juni

Nimemwonyesha Citoyen Uvoya kila kitu. Hakucheka. "Hesabu yako iko sawa, mutoto wangu. Ila ulipima ampuli imelala."

Tukaipima kwa umeme wa misheni. Nyaya alishika yeye. Volti 220, ampea 0,27. Ukinzani: omu 815, si 60. Nguvu: wati 59. Uzi wa ndani ukipata moto unazuia umeme mara nyingi zaidi. Mimi niliupima baridi, nikauhukumu kana kwamba unawaka. Ampuli kumi hazifiki wati 600. Mashine ilikuwa na nguvu ya kubaki.

Ningeuliza Ijumaa angenijibu kabla kengele haijalia. Kutojua si kosa. Majivuno ni kosa. Ndiyo maana inauma.

Jumamosi, 18 Juni

Wazee wamekaa. Nilipeleka chai, nikaambiwa nibaki.

Baba Mukubwa: "Fizike yake tumeiona. Cherehani haiaibishi mutu."

Baba akaniuliza, "Uko na neno?" Nikasema kipimo kilikuwa kibaya, nikaeleza kwa nini. Nikasema mwalimu alikuwepo na sikumwuliza, kwa sababu nilitaka sifa. Nikaomba msamaha.

Shangazi akapiga makofi. "Kumbe ampuli iko sawa na bwana yangu! Ikipata moto, haipitishi kitu!" Wakacheka, hata Baba Mukubwa kidogo. Lakini amesema kushona, na yeye ndiye mkubwa. Baba amejibu tu, "Nimesikia."

Jumapili, 19 Juni

Baba Mukubwa ameondoka alfajiri. Tukitoka misa Baba alipunguza mwendo mpaka tukabaki nyuma ya wengine.

"Nimeongea na kaka yangu. Kesho uambie shule fizike. Lakini ukikosa kujua, uulize."

"Ndiyo, Baba."

Nilitaka kuruka, sikuruka.

Yaya hawezi kurudi nyumbani mpaka wakwe wamlete wenyewe, kwa hiyo sijamwomba msamaha. Sijui kama watu wa huko wanamtendea vema. Mama anasema labda Septemba.

Kitanda chetu sasa ni changu peke yangu. Bado nalala upande wangu, karibu na ukuta.