Sijafa, na Zuhura Haolewi

Magomeni, Dar es Salaam

Kaka yangu Selemani,

Shikamoo. Natumaini hapo kijijini Sudi hamjambo, na kifua cha mama kimetulia tangu mvua zianze. Mimi mzima. Neno hilo lisome tena, maana najua hukulitarajia.

Mlisikia kwamba daktari aliniambia nirudi kufia nyumbani. Ni kweli alisema. Ule uvimbe wa shingoni ulikuwa saratani. Waliukata, ukaota tena, hata maji yakawa hayapiti. Kisha kidonda cha kisu kikaingia uchafu, nikashikwa na homa ya kutikisa kitanda. Shangazi aliyekuwa akiniuguza akaanza kunisomea Yasini. Homa ilipopoa uvimbe ukalainika, ukanywea, na sasa ukipapasa hukuti kitu.

Daktari kila akinipima anatikisa kichwa. Anasema mwilini mna askari wa kupigana na maradhi, ila wangu walikuwa wameizoea saratani kama mtu wa nyumbani. Huenda homa ndiyo iliyowaamsha.

"Lakini Bi Somoe, sina hakika, na inaweza kurudi," akasema.

Nikamjibu, "Ikirudi itanikuta kwangu."

Redio kutwa inatuhimiza kujitegemea. Mwili wangu umesikia.

Sasa habari ya binti yangu Zuhura. Nimeambiwa umepokea posa yake, eti mama yake anakufa na mtoto wa kike asiachwe bila stara. Wewe ni mjomba wake, una haki ya kusema. Lakini binti wa darasa la sita haozwi kwa ajili ya maiti ambayo haipo. Nimekasirika, kaka, sikufichi. Rudisha posa ya watu kabla sijafika. Barabara ya Rufiji imekatika kwa mvua, nangoja meli ya Lindi. Barua inatangulia kwa ndege.

Ile sanda niliyosikia mmeninunulia ihifadhini. Nitaivaa siku yangu, si siku yenu.

Nisalimie mama, na wifi yangu mkeo, ambaye najua alikukataza. Mwalimu wa Zuhura mwambie asimpe mtu dawati lake. Na Zuhura mwenyewe, kama mmekwisha kumweka ndani kungojea harusi, mfungulie mlango umsomee barua hii, wewe mwenyewe, kwa sauti.

Ni mimi mdogo wako niliye hai,

Somoe binti Hassani