Njia ya Nyuma ya Ukumbi

Sungai Kasiak,
Ijumaa asubuhi

Kwako Uni Nurlis, dada yangu wa pekee,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute umekaa, chai ipo karibu na magoti hayakusumbui. Sukari yako imeshuka? Na mgahawa unaendeleaje, na yule mpishi wako anayewajibu wateja, bado hujamfukuza? Sisi huku wazima. Paa la nyumba ya mama halivuji tena, na mti wa durian wa karibu na kisima umezaa mwaka huu mpaka majirani wanaulizia kila siku.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Simu zangu hupokei tangu tugombane kwenye arobaini ya mama. Sikulaumu, nilikuwa na mdomo mrefu siku ile. Ila hata kama ungepokea, jambo nililo nalo halisemeki kwenye simu. Barua hii nampa Da Pian, dereva wa gari la Pekanbaru, anaondoka leo baada ya swala ya Ijumaa. Nimemwambia akukabidhi wewe mkononi, asimwachie mpishi. Akasema, "Datuk, unanituma barua au bomu?" Nikacheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Umeshasikia kwamba Jumatatu mkutano unafunguliwa. Wataalamu mia nne wa matetemeko ya ardhi na mawimbi ya tsunami wanakuja hapa kwetu, Sungai Kasiak, ambako zamani hata gari la samaki lilikuwa halisimami. Mwaka wa kumi na moja huu nakaa pale ofisini chuoni nikiandika vijitabu vya taarifa kwa washiriki wa mikutano ya watu wengine, katika miji ya watu wengine. Vijana wa ofisini hunitania kwamba mimi ndiye ninayewafundisha maprofesa mahali pa kuchomeka chaja. Wacha watanie. Mgeni asiyeambiwa huumbuka. Unamkumbuka yule mzee aliyekunywa maji ya kunawia mikono, akasifu kuwa supu yetu ni nyepesi? Au yule mwingine aliyewekewa sahani kumi na nane mezani, akadhani adabu ni kuzimaliza zote, tukampeleka hospitali? Baada ya hao niliongeza vifungu viwili. Kila kifungu katika kitabu changu kina mtu aliyeteseka kwanza.

Safari hii niliandika kwa raha, kwa sababu ni kwetu. Niliandika soketi zikoje, mvua hunyesha saa ngapi, pilipili ipi ni ya kuiogopa, msikiti uko upande gani, na kwamba wanaume wetu wakicheka kwa sauti hawagombani. Kisha kifungu cha kumi na nne. Hicho nakunukulia kama kilivyo: "Ardhi ikitikisika, hesabu. Ukifika sitini na bado inatikisika, usisubiri king'ora, usirudi chumbani kuchukua kitu. Toka kwa mlango wa nyuma wa ukumbi, fuata njia ya nyati wa kulimia hadi kilimani. Ni mwendo wa dakika kumi na moja." Chini yake kuna ramani. Niliichora mwenyewe bila kutoka mezani, maana njia ile naijua kwa miguu. Mimi na wewe tuliipanda mwaka ule wa tetemeko kubwa, mama akiwa mbele na mkeka kichwani, wewe umenishika mkono mpaka ukaniachia alama za kucha.

Sasa kuhusu mwanao. Wirda alifika Jumatatu, wiki nzima kabla ya wenzake, kwa sababu hii ndiyo mara yake ya kwanza kusoma utafiti mbele ya watu na hataki kushikwa na haraka. Amekonda kidogo lakini anakula. Amepewa chumba cha chini katika hoteli ya mkutano, upande wa bahari. Utafiti wake ni wa mchanga: anachimba shimo shambani, anakuonyesha mistari ya mchanga mweupe katikati ya udongo mweusi, na kila mstari anakwambia bahari ilifika hapa. Amechimba nyuma ya shule yetu akapata mistari minne. Nilimuuliza kwa mzaha kama wa tano uko njiani. Hakucheka. Alisema, "Mjomba, hiyo si bahati nasibu. Ulitakiwa uwe umeshafika."

Jumatatu hiyo hiyo jioni ardhi ilitikisika. Nilihesabu tisa ikatulia. Jumatano ilirudi, nikafika ishirini na mbili. Kisima cha mama kimekuwa na maji ya matope tangu siku hiyo, na mvua haijanyesha.

Jumanne asubuhi Wirda alikichukua kitabu changu, akafungua ramani, akaenda kuipima njia kwa saa. Hakunishangaza, ndivyo walivyofundishwa, hawaamini kitu mpaka wakipime. Alirudi baada ya saa nzima, viatu vimejaa tope na uso umembadilika. Alisema mlango wa nyuma wa ukumbi upo, unafunguka vizuri, na hatua tano mbele yake kuna ukuta. Ukumbi mpya na ukuta wake vimekaa juu ya njia. Ule uwazi ulioachwa pembeni wameujengea chumba cha barafu cha samaki. Njia nyingine ya kufika kilimani ni kuzunguka kwa barabara ya daraja, na huko aliipima kwa mwendo wa mbio: dakika thelathini na moja. Wimbi, kwa hesabu zake, litafika kabla ya dakika ishirini na tano.

Nilikwenda kuona kwa macho yangu. Uni, niliweka kiganja kwenye ukuta ule nikakaa hivyo kama mjinga. Kwa miaka miwili nilikuwa napita mbele ya hoteli ile kila wiki, kwa ajili ya viti, kwa ajili ya mapazia, kwa ajili ya vipaza sauti. Nyuma sikwenda hata siku moja. Vitabu mia nne vimeshachapwa. Nimechapa na karatasi ya marekebisho, lakini mwenyekiti wa kamati amenikataza kuigawa. Anasema kuwaambia wageni kwamba hakuna pa kukimbilia ni sawa na kuwafukuza. Karatasi ziko kabatini kwangu na ufunguo ninao mfukoni.

Tulikwenda na Wirda kwa meneja wa hoteli. Ni mtu wa tabasamu, utamjua kwa manukato kabla hujamwona. Alitukalisha, akatupa kahawa, akauliza kama tetemeko limeshakodi chumba, la sivyo tusimsumbue. Wirda alimjibu kwamba halina haja ya kukodi chumba, litavichukua vyote. Hapo tabasamu likamwisha. Alisema ukuta hauguswi, kibali cha ujenzi kipo, na kibali kimesimama juu ya ridhaa ya mwenye ardhi. Mwenye ardhi akija mwenyewe akaikana ridhaa hiyo, kibali kinaanguka na ukuta unavunjwa siku hiyo hiyo. Asipokuja, tumwache afanye kazi. Kisha akafungua faili, akamgeuzia mwanao karatasi. Kulikuwa na jina lako kwa herufi kubwa, na juu ya jina, dole gumba la wino wa buluu.

Wirda alilisoma jina lile mara mbili. Halafu akasema polepole, "Mama? Mama ndiye aliyeifunga njia ya bibi?" Aliniangalia mimi. Mimi niliangalia kahawa.

Uni, kama umekuwa ukijiuliza kwa nini binti yako hajakupigia simu tangu Jumanne, sababu ndiyo hiyo. Analala kwenye chumba kile cha chini akiamini kwamba mama yake aliiuza roho ya mwanawe na za watu mia nne kwa hoteli. Nimemsihi ahamie nyumba ya mama, iko juu kidogo. Amekataa. Anasema wenzake wakija watalala chini na yeye ndiye pekee anayejua, basi atalala chini pamoja nao, na kila mmoja atamwambia kwa mdomo wake. Ukaidi huo kautoa kwako.

Nisamehe kwa mstari huu uliopinda. Nimelazimika kuacha kuandika na kushika meza. Sahani za mama zimegongana kabatini, mbili zimevunjika. Nimehesabu arobaini na moja. Nilipofika thelathini nilikuwa nimeshasimama, na nilipofika arobaini nilikuwa namwomba Mungu anipe nafasi ya kumaliza ukurasa huu. Amenipa. Kwa hiyo sizunguki tena.

Dole lile ni langu.

Miaka miwili iliyopita meneja alinijia ofisini. Alisema kamati ingependa kuuleta mkutano kwetu, ila hakuna ukumbi wa watu mia nne, na bila ukumbi unakwenda kisiwa kingine. Alihitaji kile kipande cha nyuma tu. Aliahidi ataacha uwazi wa kupita. Nilijua nikikuuliza utakataa, kwa sababu mama alipokuwa anakata roho alikuachia neno moja juu ya kipande kile: pandeni mtakacho, lakini njia msiifunge. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilisikia kila neno. Na kwa mila yetu ya mama kumrithisha binti, ardhi ni yako na ya Wirda, mimi kaka wa kuilinda tu, ndiyo maana wazee wa ukoo walinivika jina la Datuk. Nilichovya dole gumba kwenye wino nikalibana juu ya jina lako, mchana kweupe, huku nakunywa kahawa ya mtu. Sikupewa kitu. Nilitaka tu, mara moja maishani, kuona jina la kijiji chetu kwenye jalada la kitabu changu. Nimeliona. Limechapwa kwa rangi ya dhahabu, na siwezi kulitazama.

Utaniuliza kwa nini nisiende kusema mwenyewe. Jana nilipanda ngazi za ofisi ya mkuu wa kijiji nikiwa nimedhamiria. Karani akasimama, akaniita Datuk, akanivutia kiti. Nikamwuliza kuhusu mahema ya wageni, nikashuka. Mimi ni mwoga, Uni, na woga wangu umevaa kofia ya heshima. Wewe hukuwahi kuwa mwoga.

Basi ninachokuomba ni hiki. Gari la Da Pian litafika kwako Jumamosi alfajiri. Mwambie asubiri, uje naye. Njoo na barua hii, mpe mkuu wa kijiji, mpe meneja, isome kwa sauti kama watataka. Useme hukuridhia. Vijana wa ukoo wetu wa upande wa mlimani wana nyundo na nguvu. Jumapili ukuta unaweza kuwa chini. Jina langu la Datuk litakunjwa kama nguo na kuwekwa sandukuni, na chuoni nitafukuzwa, na watu watacheka. Wacheke. Usiichome barua hii kwa kunihurumia. Huruma yako ya zamani ndiyo iliyonilea vibaya.

Ila kabla ya yote, kabla hata ya kupanda gari, mpigie mwanao simu. Mwambie si wewe.

Karatasi za marekebisho nazipeleka hotelini sasa hivi, nikishamkabidhi Da Pian bahasha. Nitaingiza moja chini ya kila mlango, mwenyekiti apende asipende. Ni kidogo, najua.

Nisalimie shemeji na watoto wa jirani wanaokuita nyanya. Walio huku wote wanakusalimu, na kaburi la mama nimelifagia. Mungu akufikishe salama, na ardhi ikusubiri.

Hapa chini nimeweka wino kwa mkono ule ule.

Ndugu yako,

Syafril

(dole gumba la kulia, langu, juu ya jina langu)