Jiko Chini ya Kamba ya Nguo

Kibirichia

Kwako Mami,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti lako linaendeleaje? Na ndengu, mmevuna zote ama bado ziko shambani? Mimi niko mzima, na Muthoni mdogo, mjukuu anayebeba jina lako, ni mzima pia. Nimetanguliza hilo ili usome yanayofuata bila kushtuka sana. Kwenye simu nimeshindwa kukueleza, kwa sababu nikianza tu sauti inakatika.

Unajua huko kwetu Siakago nguo ukianika asubuhi, kabla chai haijaiva zimekauka. Huku sivyo. Wiki ile yote ukungu haukuondoka, na manyunyu yalikuwa hayaishi. Nepi za mtoto zilikaa kwenye kamba nje mpaka zikaanza kunuka. Jumapili nikakosa hata moja kavu. Nikazifua upya, nikafunga kamba ndani ya chumba, kutoka dirishani mpaka juu ya mlango. Dirisha nililiziba kwa sweta kuukuu, baridi isiingie. Jiko niliwasha nje, nikangoja mpaka makaa yakawa mekundu kabisa, hakuna moshi. Nilidhani kibaya ni moshi. Nikaliweka chini ya kamba, nikafunga komeo, mtoto akiwa amelala kitandani.

Nikakaa nikigeuzageuza nepi. Kichwa kikaanza kunigonga, nikasema ni njaa. Halafu moyo ukaniambia kwamba saa ya mtoto kunyonya imepita na hajalia. Nikamwita. Kimya. Nilipoinuka nimchukue, miguu ilikataa, Mami. Nilianguka juu ya beseni.

Jirani yangu, Mama Kendi, alikuwa kibarazani akimenya viazi. Akasikia ule mshindo.

"Mama Muthoni, ni nini imeanguka?"

Nilimsikia vizuri lakini mdomo haukufunguka. Akaanza kupiga mlango kwa ngumi. "Fungua! Kwani uko sawa? Fungua mlango!"

Nilitambaa. Komeo nililiona likiwa mbali kama liko ng'ambo ya mto. Sijui nililifikiaje. Mlango ulipofunguka, baridi ikanipiga usoni, naye akaniruka akipaza sauti, "Mtoto ako wapi?" Akapita chini ya zile nepi, akatoka naye mikononi. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaning'inia nyuma, shingo haina nguvu. Mami, niliamini nimemuua.

Mama Kendi alimshika palepale kwenye manyunyu, akimpangusa uso na kumwita, "Muthoni! Muthoni wee!" Nikawa nasikia jina lako likiitwa hivyo, na hakuna anayeitika. Mwishowe mtoto akatapika, akalia kidogo, kilio chembamba. Mwenye nyumba akatupeleka hospitali Meru kwa gari lake, ile probox. Huko wakamwekea oksijeni, na mimi pia.

Nesi aliniambia, "Makaa ina hewa haina harufu wala moshi. Ukifunga chumba, inakulaza tu. Hiyo beseni ndiyo iliwaokoa."

Tuliruhusiwa kesho yake. Mtoto anacheka, ananyonya, daktari amesema hana kasoro. Ni mimi ambaye sijapona. Akilala muda mrefu namfinya kidogo ili alie. Nikiona jiko la mtu mbele, navuka upande wa pili wa njia. Nepi sasa nazikamua ndani ya taulo kavu, naanika chumbani dirisha likiwa wazi, na zikibaki na unyevu namalizia kwa pasi. Zinachukua siku mbili. Zichukue hata wiki.

Msalimie Mjomba, na dada yangu, umwambie nimefurahi amerudi shule. Mama Kendi pia anakusalimu, ingawa hamjaonana.

Ila kilichonifanya nishike kalamu ni Cucu, nyanya yetu. Msimu wa baridi yeye huingiza jiko chumbani, afunge kila kitu, aote moto mpaka usingizi umpate. Atakuambia amefanya hivyo tangu aolewe. Usibishane naye. Litoe tu, na umwongezee blanketi langu lililo kwenye sanduku. Ukimaliza mstari huu, weka barua chini uende kwake sasa hivi, kisha unipigie simu. Sitaki kusikia kwamba umeisoma. Niambie jiko liko nje.

Ni mimi mtoto wako,
Wawira